Dripu Haijihesabu

Mgonjwa akilazwa kwa kuhara, ndugu waliobaki nyumbani huuliza kwanza, "Ametundikiwa dripu?" Jibu likiwa ndiyo, mioyo inatulia. Likiwa hapana, minong'ono inaanza: pale kituoni kuna dawa kweli, au tumpakie kwenye bodaboda tumpeleke kwingine? Chupa inayoning'inia juu ya kitanda imekuwa ushahidi kwamba mtu anatibiwa. Nami siwalaumu wanaoiamini, kwa sababu wengi wao wameona kwa macho yao mtu aliyeletwa mgongoni akiwa hajitambui, na jioni yake akaomba uji.

Lakini imani hiyo inaficha kazi yenyewe. Mwili uliopoteza maji na chumvi unaponywa kwa hesabu: kimetoka kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kwa muda gani, na mwili umeitikiaje. Chupa ni chombo cha kupitishia hesabu hiyo, na kikombe kadhalika. Anayeishika hesabu ni muuguzi, na kituo kikielemewa ndiyo kazi inayotupwa kwanza, kwa kuwa haionekani. Dripu ikikosekana ndugu watapiga kelele. Chati ya maji ikikosekana hakuna atakayejua.

Chukulia Zombo, kata ya wilaya ya Kilosa kwa upande wa Mikumi. Huku kuna mabonde ya mahindi na mpunga, na mito inayoshuka kutoka milima ya Usagara. Masika yakishika, maji ya kunywa na maji ya mafuriko huchanganyika, vyoo vya shimo hufurika, na barabara ya kwenda Kilosa mjini au Mikumi huwa ya kubahatisha. Wilaya hii inayajua mafuriko vizuri. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukakata Reli ya Kati na kuwaacha maelfu wakilala kwenye mahema. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila. Sera ya nchi inajulikana: Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mgonjwa wa vijijini anaanzia huko, na njia ikikatika, saa zake sita za mwanzo zinamalizikia huko. Mashine ya kupima sodiamu na potasiamu haimo zahanati. Aliyepo ni muuguzi, mwenye macho, mikono, saa na kalamu.

Hebu tuangalie anachokishughulikia. Mtu mzima wa kilo 70 hubeba maji lita 42 hivi. Lita 28 zimo ndani ya seli na 14 ziko nje, na katika hizo 14, takriban lita tatu na nusu tu ndizo zinazozunguka mishipani pamoja na chembe za damu. Hilo ndilo fungu linalofikisha hewa kwenye ubongo na figo, na ni dogo kuliko ndoo ndogo ya jikoni. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli, milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na maji huifuata inakokwenda. Potasiamu hukaa ndani. Nje huwa milimoli 3.5 hadi 5 tu kwa lita, na nafasi hiyo finyu ndiyo inayoamua moyo upige au usimame. Mtoto mchanga ni maji kwa robo tatu ya uzito wake, lakini akiba yake kwa kipimo cha kikombe ni ndogo mno, na figo zake bado hazijui kubana matumizi. Mtu mzima akihara kutwa nzima huchoka. Mtoto wa miezi minane akihara kutwa nzima anaweza asifike kesho.

Akina bibi wa Kilosa, kama wa pwani, waliujua mapema mlango mmoja wa kuusoma mwili huo: utosi. Utosi ukititia walijua mtoto yuko hatarini. Wengine waliupaka dawa za majani wakidhani ugonjwa umekaa palepale. Waliliona jambo sawasawa, ila tiba ilielekezwa mahali pasipo. Muuguzi anayemdhihaki bibi kwa dawa ya utosini anampoteza mtu ambaye tayari ameshaitambua dalili. Heri amwambie, "Bibi umeona vizuri, sasa tumpe maji."

Njia ya zamani inayopita Usagara ina kumbukumbu ndefu ya magonjwa ya tumbo. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilivuka mbuga ya Mkata, ambayo sehemu yake leo ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha ikafuata bonde la Mkondoa. Msafiri Henry Morton Stanley aliivuka Mkata wakati wa masika ya 1871 na kuhara damu kukamdhoofisha vibaya. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, akionyesha jinsi ugonjwa ulivyotembea kwa miguu ya wapagazi. Enzi hizo wagonjwa walipewa afyuni ili choo kifunge. Choo kilifunga, na mtu akafa kwa maji aliyokwisha kuyapoteza.

Jibu lilikuwa limeshagunduliwa na kuachwa. Mei 1832, katika mji wa Leith, Scotland, daktari Thomas Latta alimtilia mwanamke mzee wa kipindupindu maji ya chumvi mshipani, pinti 6 katika nusu saa hivi. Mama yule alikuwa amekwisha kuwa baridi, mapigo hayapatikani. Akarudi, akazungumza, rangi ikamrejea. Latta akamwacha chini ya uangalizi wa daktari wa zamu. Kuhara na kutapika kukaanza upya, maji hayakuongezwa, na saa tano na nusu baadaye mama akafa. Kila nikikisoma kisa hiki naona wodi za kwetu. Maji yalifaa na sindano ilifaa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa pale na kujumlisha: ametoa tena kiasi gani, basi arudishiwe kiasi gani.

Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya hatua ya pili. Mwaka 1960 mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba utumbo hupitisha sodiamu pamoja na glukosi, moja ikiivuta nyingine, na maji yakifuata nyuma. Mlango huo hubaki wazi hata kipindupindu kinapoharibu milango mingine. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kunywa sehemu kubwa ya maji yao badala ya kutundikiwa. Kisha ikaja 1971. Wakimbizi wa vita ya Bangladesh walijazana Bangaon, India, kipindupindu kikaingia, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari zichanganywe kwenye madumu, na maji yale wakapewa ndugu wa wagonjwa ili wayanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi kama 4. Watu hukumbuka mchanganyiko. Mimi naona uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa kumkabidhi mama mgonjwa wake na kikombe, na kumfanya sehemu ya uuguzi.

Kwetu Tanzania kipindupindu cha zama hizi kilianza kuonekana miaka ya 1970 na hakijawahi kutuacha kabisa. Mei 2015 kiliwapata wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, Kigoma. Agosti mwaka huohuo kikazuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, Morogoro ikiwemo. Asiyetibiwa kipindupindu kikali ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kufa. Anayetibiwa vizuri, hatari hushuka chini ya mmoja kwa mia. Sijui ugonjwa mwingine ambao uuguzi mtupu, bila upasuaji wala dawa ghali, unaweza kuuvuta umbali huo.

Basi twende kitandani. Mtoto wa miaka miwili ameletwa Zombo, ameharisha tangu jana. Kabla ya kitu chochote muuguzi anaomba kadi ya kliniki. Mwezi uliopita alikuwa na kilo 10. Anamning'iniza kwenye mizani ileile ya kliniki ya watoto: kilo 9.2. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtoto huyu amepoteza karibu mililita 800. Mizani ya kuning'iniza, ambayo zahanati nyingi zinayo na mara nyingi hutumiwa siku za kliniki tu, ndiyo mashine bora ya kupimia maji iliyopo kijijini, na inasikitisha kuona inavyosahauliwa wakati wa dharura.

Kisha macho na mikono. Je, macho yametumbukia? Machozi yapo akilia? Ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi mara moja, polepole, au inabaki imesimama zaidi ya sekunde mbili? Akipewa maji anayadaka kwa pupa, au hana hata nguvu ya kumeza? Mkojo wa mwisho ulikuwa saa ngapi? Mtoto anayehangaika na kuyapapatikia maji bado ana nafasi ya kutibiwa kwa kinywa. Mtoto aliyetulia ndiye wa kuogopa. Mara nyingi ndugu hufurahi kuona mtoto "amelala", na muuguzi lazima awe mwepesi kuliko furaha hiyo.

Kama ni yule anayepapatika, atapewa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Kwa kilo 10 ni mililita 750, na kijiko cha chai hubeba mililita 5. Fanya hesabu: vijiko 150 katika dakika 240, kimoja kila dakika moja na nusu hivi. Hakuna muuguzi wa zamu anayeweza kufanya hivyo kwa watoto wanne kwa pamoja. Mama anaweza, bibi anaweza, mradi ameelezwa.

"Sista, kila nikimpa anatapika. Si mumtundikie tu?"

"Bibi, tumpumzishe dakika 10. Halafu kijiko kimoja, unasubiri, kingine. Anachotapika ni kidogo kuliko kinachobaki tumboni. Mimi narudi baada ya nusu saa nihesabu na wewe."

Sentensi ya mwisho hapo ndiyo nzito. Bibi akiachwa na kikombe bila wa kurudi kumwangalia, atampa mtoto maji mengi kwa mara moja, mtoto atatapika yote, na bibi ataamua kwamba dawa hii haifai. Kwa asiyeandika kuna njia rahisi: punje za maharage kwenye bakuli, kila kikombe kikiisha punje moja inahamia bakuli la pili. Muuguzi akipita anahesabu punje na kuandika. Khanga iliyolowa hupimwa kwenye mizani, na ikitolewa uzito wa khanga kavu, kila gramu ni mililita moja. Ndoo ya chini ya kitanda huwekwa alama za rangi kwa kila nusu lita. Vitanda vya kipindupindu vyenye tundu katikati vilibuniwa kwa sababu hiihii: kilichotoka kianguke mahali kinapoweza kupimwa.

Kama mtoto ni yule aliyelegea, hapo dripu ina haki yake, na bila kuchelewa. Kiwango ni mililita 100 kwa kilo. Aliyezidi mwaka mmoja hupewa 30 za kwanza katika nusu saa na 70 zilizobaki katika saa mbili na nusu. Wa chini ya mwaka huchukua muda mrefu zaidi, saa moja kisha saa tano. Kwa mtoto wetu, mililita 300 katika dakika 30, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 200 kwa dakika. Halafu hushuka hadi 93. Anayefungua dripu "kwa kukadiria" hawezi kutofautisha 93 na 50, na kati ya hizo mbili kuna mtoto anayepona na mtoto anayebaki nyuma. Mshipa usipopatikana, mpira wa puani na ORS ya mililita 20 kwa kilo kila saa kwa saa 6 hufanya kazi, na huweza kuanza palepale wakati usafiri wa rufaa unatafutwa.

Mtu mzima wa kilo 50 mwenye kipindupindu kikali anatisha zaidi. Anahitaji lita 5 katika saa 3, yaani chupa 10 za nusu lita, tatu kati yake ndani ya nusu saa ya mwanzo. Hapo matone hayahesabiki, dripu inafunguliwa yote, ikibidi mikono miwili kwa pamoja. Kosa la kawaida hapa ni kumpa maji kidogo. Muuguzi mwangalifu, aliyefundishwa kuogopa kumzamisha mgonjwa, anatundika chupa moja kwa saa nzima huku mgonjwa akitoa lita moja kwa saa. Hesabu yake inakwenda chini ya sifuri, na chupa ingali inaning'inia pale ikiwapa ndugu matumaini.

Kilichomo ndani ya chupa nacho si kilekile. Ringer ina sodiamu milimoli 130 hivi kwa lita, potasiamu kidogo, na laktati ambayo mwili huigeuza kuzimua asidi. Salaini ya kawaida ina sodiamu na kloraidi 154 kila moja, haina potasiamu wala cha kuzimulia asidi, lakini inaokoa maisha pale Ringer ilipokwisha. Dripu ya sukari ya asilimia 5 peke yake ni jambo jingine kabisa. Sukari ikishatumika kinachobaki ni maji matupu, yanayozimua sodiamu iliyobaki na kumletea mtoto degedege. Familia hupenda "ya sukari" kwa sababu jina lake lina nguvu ya chakula. Muuguzi anayeikataa kwa mgonjwa wa kuhara anapaswa kuwa na moyo wa kueleza mara mia. Na dafu, ambalo wengi hulisifu, lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri kwa mzima, ila haliwezi kushika nafasi ya ORS, ambayo tangu 2002 imepimwa sodiamu 75, glukosi 75 na potasiamu 20 kwa lita. Pakiti zikiisha, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi inadhuru. Vidonge vya zinki huandamana na ORS kwa siku 10 hadi 14, na mara nyingi ndivyo vinavyosahaulika kwa sababu havileti nafuu ya kuonekana leo.

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani kwamba kanuni ni kujaza, tena haraka. Utafiti mmoja wa Afrika Mashariki ulizuia fikra hiyo, na kwa uzito wake unastahili kujulikana kila kata. Unaitwa FEAST, uliongozwa na Kathryn Maitland, na matokeo yake yalichapishwa 2011. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Hospitali Teule ya Muheza ikiwa mojawapo. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Waliosukumiwa maji mengi kwa kasi walikufa zaidi: ndani ya saa 48, 10.6 na 10.5 kwa mia katika makundi mawili ya waliosukumiwa, dhidi ya 7.3 kwa mia katika kundi ambalo halikusukumiwa. Dunia nzima ilikuwa ikifundisha kusukuma, na watoto wa Muheza, Kilifi, Soroti na kwingineko ndio waliotuonyesha kosa. Miaka sita baadaye, utafiti wa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu huko Lusaka ulileta picha inayofanana: waliopewa maji kwa itifaki ya haraka walikufa 48 kwa mia, na waliotibiwa kwa kawaida 33.

Kwa hiyo mikono baridi ya mtoto wa Zombo haitoi jibu peke yake. Baridi ya kuhara inataka maji upesi. Baridi ya malaria kali yenye upungufu wa damu inataka damu, na maji mengi yanaweza kuumaliza moyo uliokwisha kulemewa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ni fumbo la tatu: ngozi yake haijirudi na macho yake yametumbukia hata kama hana upungufu wa maji, sodiamu imejificha ndani ya seli zake na potasiamu imepungua. Yeye hupewa ReSoMal, yenye sodiamu ndogo na potasiamu kubwa, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo. Pumzi zikiongezeka kwa 5 au zaidi kwa dakika na mapigo yakipanda pamoja nazo, unasimama. Dalili zenyewe zinakudanganya, lakini pumzi zilizohesabiwa kwa dakika nzima zitakuambia. Narudia, dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kunaweza kuleta kosa linalokaribia mabadiliko yenyewe unayoyatafuta.

Kuhusu potasiamu, mengi yako nje ya uwezo wa zahanati, lakini si yote. Mzee wa presha au wa moyo anayemeza dawa za kukojoza kwa miezi hupoteza potasiamu kimyakimya. Anakuja akisema miguu imekufa nguvu, misuli inamkaza usiku, choo hakitoki. Ukimjumlishia siku tatu za kuhara, moyo unaanza kupiga ovyo. Muuguzi wa kliniki ya presha anayeuliza swali moja tu, "Tangu mwezi uliopita umeharisha au kutapika?", ameshafanya nusu ya kazi ya maabara. Mwenye figo zilizochoka yuko kinyume chake: potasiamu inampanda, na ushauri wa jumla wa kula ndizi na viazi kwa wingi unaweza kumdhuru. Na kuna sheria isiyo na mjadala popote duniani: kichupa cha potasiamu hakisukumwi mshipani moja kwa moja. Huzimuliwa na kutiririshwa taratibu, na hukaa kabati tofauti na maji ya kuzimulia dawa.

Wakunga wanaijua nidhamu hii kwa jina jingine. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu, ambayo nayo ni moja ya chumvi za mwili, na kabla ya kila dozi mkunga huangalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana dozi haitolewi, na kalsiamu huwekwa karibu. Wodi za wazazi zimeifanya hesabu hii kuwa kanuni. Sioni kwa nini mtoto wa kuhara asipate heshima hiyohiyo.

Kusini zaidi ya Zombo, kwenye mashamba ya miwa ya Ruhembe, upungufu wa maji una sura ya jua. Amerika ya Kati wakata miwa wameonekana kuharibikiwa figo wakiwa vijana, na joto pamoja na kufanya kazi bila maji ya kutosha vinatajwa miongoni mwa sababu kuu. Kijana anayefika kituoni na mkojo wa rangi ya chai na misuli iliyokaza asipewe dawa ya maumivu aina ya diklofenaki na kurudishwa shambani. Dawa hiyo inaziongezea figo mzigo zikiwa na kiu.

Wapo wanaosema suluhisho ni mashine, na wana hoja. Hospitali ya wilaya isiyopima sodiamu na potasiamu inatibu gizani, na ni haki kudai iwe nayo. Ila namba peke yake haimtibu mtu. Sodiamu ikisomeka 118, bado kuna anayetakiwa kuhakikisha haipandi zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa siku, kwa sababu ikirushwa juu haraka ubongo unaumia pasipo kurudi. Hapo tena tunarudi kwa mtu wa kuangalia matone saa tisa usiku. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja, ana wodi nzima, na chumba cha pili kuna mama anayesukuma mtoto. Kumwambia "jaza chati" bila kumwongezea mwenzake ni kumwonea. Kinachowezekana leo ni kuchagua: asijaze chati za vitanda vyote, ajaze za wale wawili au watatu ambao maji ndiyo ugonjwa wao, na ajaze kikamilifu.

Na kupokezana zamu kubadilike. Kwa mgonjwa wa maji, maneno "anaendelea vizuri" hayapokezani chochote. Yanayopokelewa ni haya: ameingia mililita 2,400, ametoa 1,900, mkojo wa mwisho saa kumi alfajiri, mapigo 110 yalikuwa 140, uzito umepanda gramu 500. Anayepokea anaweza kuendelea kutoka hapo. Mwanamke yule wa Leith hakuachiwa hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Siku ya kuruhusiwa, mama wa yule mtoto wa kilo 10 anapewa pakiti za ORS na zinki. Muuguzi hamuulizi kama ameelewa, maana kila mtu husema ndiyo akiwa na hamu ya kwenda nyumbani. Anamkabidhi pakiti na jagi la lita moja, anamwambia, "Nionyeshe." Mama anapima, anachanganya, anaonja, na kusema inafanana na machozi. Kila choo cha maji, atampa mtoto kati ya nusu kikombe na kikombe kizima. Maziwa hayasimamishwi. Maji ya ORS yasiyotumika mpaka kesho asubuhi atayamwaga. Kisha anaulizwa ni lipi litakalomrudisha kituoni hata kama mvua inanyesha, naye anahesabu kwa vidole: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, damu kwenye choo, homa, akilala nisiweze kumwamsha.

"Na mkojo?" anauliza muuguzi.

"Asipokojoa tangu asubuhi hadi mchana," anajibu mama, akimfunga mtoto mgongoni, "sisubiri jioni."